Mezani kwa Karani: Wachina wa Kale na Daftari la Kodi



Dominika iliyopita baada ya Misa nilikuwa nimeketi barazani pa ofisi ya parokia, nikimngoja mtu aje kuchukua cheti chake cha ubatizo. Palikuwa na wazee watatu, na kijana mmoja muuzaji wa tochi, kandambili na masufuria, vitu ambavyo karibu vyote vimetoka China. Kijana huyo akasema, "Wazee wangu, mwaona jinsi Wachina walivyotajirika? Ni kwa sababu tangu kale waliheshimu biashara. Sisi tumeng'ang'ania jembe." Mzee mmoja akatikisa kichwa, akanigeukia: "Karani, wewe umepita chuo cha ualimu. Ni kweli asemayo huyu mjukuu wangu?" Nikamjibu, "Sivyo hasa, Mzee. Lakini habari yenyewe ni ndefu, na jua limekwisha kuwa kali. Nitaiandika gazetini."

Basi leo nalipa deni hilo.

China ya kale ni bahari kubwa, nasi tuna mtumbwi mdogo, kwa hiyo nitavua mahali pamoja tu. Nitasema habari za ukoo wa Qin, ambao mfalme wake aliunganisha nchi yote mwaka 221 kabla ya Kristo, na ukoo wa Han uliofuata, ambao ulitawala tangu mwaka 206 kabla ya Kristo hata mwaka 220 baada ya Kristo, isipokuwa miaka michache hapo katikati. Angalieni tarehe hizo. Bwana wetu alipozaliwa Bethlehemu, Han ndio waliokuwa wakitawala huko mashariki ya mbali. Na kama vile Mwinjili Luka asimuliavyo kwamba Kaisari Augusto alitoa amri watu waandikwe, Kaisari wa China naye alikuwa na daftari lake. Mwaka wa 2 baada ya Kristo makarani wake walihesabu kaya zaidi ya milioni 12, na watu wapungufu kidogo tu ya milioni 60. Wengi mno kati yao walikuwa watu wa jembe. Na sababu ya kuwaandika ilikuwa kodi.

Wachina walizoea kuwagawa watu mafungu manne, nao waliyataja kwa utaratibu wa heshima: shi, nong, gong, shang. Shi ni wasomi, ambao Kaisari aliwachagua maofisa wake miongoni mwao. Nong ni wakulima. Gong ni mafundi. Shang ni wafanyabiashara, nao walikuwa mkiani. Fikira yao ilikuwa hii: msomi huongoza, mkulima hulisha, fundi hutengeneza, lakini mfanyabiashara hunua hapa akauza pale, na ile ziada akaitia mfukoni bila kutokwa jasho. Mwaka 199 kabla ya Kristo Kaisari wa kwanza wa Han aliwakataza wafanyabiashara kuvaa hariri na kupanda magari ya farasi. Kodi yao ya kichwa ilikuwa mara mbili ya kodi ya mtu mwingine. Wale walioandikwa katika daftari la soko hawakuruhusiwa kushika kazi ya serikali, wala watoto wao.

Mzee wangu, najua sasa unamtazama kijana wa tochi kwa jicho la ushindi. Ngoja kidogo.

Ofisa mmoja aliyeitwa Chao Cuo alimwandikia Kaisari Wen kumweleza hali ya vijijini. Alichukua mfano wa nyumba ya watu watano. Katika hao watano, alisema, wawili au zaidi huitwa kwenda kufanya kazi za serikali, yaani shokoa. Wanaobaki hawawezi kulima zaidi ya mu 100, ambacho ndicho kipimo chao cha shamba, na mavuno yake hayazidi shi 100 za nafaka. Shi moja ya wakati ule ni kama lita 20, basi semeni debe moja. Madebe 100 kwa mwaka mzima.

Mimi ni karani, nami hupenda kupiga hesabu, basi tupige pamoja. Tukisema kila mtu, mkubwa kwa mdogo, apate debe moja na nusu kwa mwezi, watu watano watakula madebe 90 kwa mwaka. Yabaki 10. Kodi ya mavuno, ambayo wakati huo kwa kawaida ilikuwa sehemu moja ya kumi na tano, yachukua kama 6 na nusu. Yabaki matatu na nusu. Katika hayo toa mbegu ya mwaka ujao, toa chumvi, toa chuma cha jembe, toa nguo, toa sanda kama kuna msiba. Nafaka yenyewe haijatwangwa bado, na pumba hailiki. Tena hatujagusa kodi ya kichwa. Hiyo ilidaiwa kwa fedha: sarafu 120 kwa kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, na sarafu 20 kwa mtoto. Shamba haliotesi sarafu. Lazima mtu auze nafaka, na wenzake wote wanauza siku hiyo hiyo, kwa kuwa mtoza kodi amekwisha fika. Bei yashuka. Chao Cuo alieleza kwamba aliye na kitu hukiuza kwa nusu ya thamani yake, na asiye na kitu hukopa kwa sharti la kulipa maradufu. Ndipo watu huuza mashamba, na nyumba, mwisho huuza watoto na wajukuu wao walipe deni.

Nao walifanya kazi mwaka mzima. Masika kulima, kiangazi kupalilia katika jua kali, kisha kuvuna, na wakati wa baridi kuweka akiba, kukata kuni na kutengeneza majengo ya serikali. Katikati ya hayo, asema huyo ofisa, mkulima alipaswa kupokea wageni, kwenda misibani, kuwatazama wagonjwa na kulea yatima. Niliposoma mahali hapo nilicheka kidogo, maana nilidhani anasema habari za kigango chetu.

Na mfanyabiashara je? Alikaa mjini, akanunua nafaka bei ilipoanguka, akaiuza ilipopanda. Mume hakushika jembe na mke hakushika uzi, lakini walivaa nguo za nakshi wakala nyama. Alikatazwa hariri na akaivaa. Alikatazwa gari, naye alisafiri kwa gari zuri na farasi walioshiba, akifanya urafiki na wakubwa. Sheria ilimweka chini, fedha zake zikamrudisha juu. Basi kijana wa tochi naye hakukosa kabisa: kama ungewauliza Wachina wa kale nani aheshimiwe, wangekuonyesha mkulima, kama ungefunua chungu usiku, nyama ungeikuta kwa mwuzaji.

Kaisari Wen alikuwa mtu mwenye huruma, nayo kodi ya mavuno ilipunguzwa, hata tangu mwaka 156 kabla ya Kristo, wakati wa mwanawe, ikawa sehemu moja ya thelathini. Ni ndogo, sivyo? Sisi tuliofundishwa kutoa zaka twaona ni rehema. Lakini aliyefaidi rehema hiyo ni mwenye shamba. Maskini aliyekwisha uza shamba lake alilima la tajiri, akampa tajiri huyo nusu ya mavuno. Serikali ilimsamehe tajiri, na tajiri hakumsamehe mtu.

Kuna jambo jingine katika habari za kodi ya kichwa, nami sikutaka kuliandika, lakini gazeti hili ni la jamaa za Kikristo na ni vema lijulikane. Kaisari Wu, aliyetawala tangu mwaka 141 hata mwaka 87 kabla ya Kristo, alikuwa na vita vingi, na vita hula fedha. Kodi ya mtoto ikaanza kudaiwa tangu alipotimiza miaka 3. Baadaye, yapata mwaka 44 kabla ya Kristo, mzee mmoja jina lake Gong Yu, aliyekuwa amepewa cheo kikubwa, alimwandikia Kaisari wa siku zake kwamba maskini wanawaua watoto wao wanapozaliwa, kwa sababu hawawezi kuwalipia. Huyu Gong Yu aliijua shida. Alipoitwa mji mkuu mara ya kwanza aliuza sehemu kubwa ya shamba lake apate gari na farasi wa kumfikisha. Aliomba mtoto asilipiwe mpaka ang'oe meno ya utoto, yaani afikishe miaka 7. Kaisari akakubali. Mimi nimeandika majina ya watoto wengi katika kitabu cha ubatizo, naijua sura ya mama anapotaja jina la mwanawe na kalamu yangu inapoliandika. Habari ya Gong Yu niliisoma mara mbili, kisha nikafunga kitabu nikatoka nje.

Wasichana nao walikuwa na shida yao. Kazi ya mwanamke wa kijijini ilikuwa kulisha viwavi wa hariri kwa majani ya miforsadi, kusokota katani na kufuma usiku na mchana, na mara nyingi hariri aliyoifuma hakuivaa yeye, aliivaa mwingine. Mwaka 189 kabla ya Kristo ikatolewa sheria kwamba msichana asiyeolewa kati ya miaka 15 na 30 alipiwe kodi ya kichwa mara tano. Wazazi mlio na binti shuleni, fikirini mngekuwa na haraka gani ya kupokea mahari.

Sasa twende mahali palipo na shibe. Mwaka 1972, karibu na mji wa Changsha, wataalamu walifukua kaburi lenye kina cha meta 16 hivi. Ndani yake mlikuwa na majeneza manne, moja ndani ya jingine, yamezungukwa na makaa na udongo mweupe uliozuia hewa na maji. Ndani ya jeneza la mwisho alilala bibi mmoja, Xin Zhui, aliyefariki yapata mwaka 163 kabla ya Kristo akiwa na miaka kama 50. Mwili wake haukuoza. Ngozi ilikuwa laini, na waganga wakampasua kama mtu aliyekufa juzi. Walimkuta na ugonjwa wa moyo na mawe katika nyongo, magonjwa ambayo mara nyingi huwafuata watu wanaokula vizuri na kutembea kidogo. Tumboni na katika matumbo mlikuwa na mbegu za tikiti zaidi ya 130. Bibi alikula tikiti, na muda mfupi baadaye akafa.

Aliwekewa mavazi ya hariri mengi, na moja ni jepesi hivi kwamba uzito wake ni gramu 49 tu; ukilikunja laweza kukaa kiganjani. Alikuwa na mchele, ngano, maharagwe, samaki, kuku, nyama ya nguruwe na ya paa, na vyombo vya mti vilivyopakwa utomvu mwekundu na mweusi ukang'aa kama kioo. Walimwekea na sanamu za mti 162 za watumishi, wapishi na wapiga ngoma, wamtumikie huko aendako. Mume wake alikuwa waziri mkuu wa nchi ya Changsha, na Kaisari alikuwa amempa cheo pamoja na kaya 700 zimlipe yeye kodi. Rudini kwenye hesabu yetu ya madebe 100, mwone mtumbwi mmoja wa shibe unavutwa na makasia mangapi.

Juu ya watumwa nina kisa kimoja ambacho hunichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Mwaka 59 kabla ya Kristo, msomi aliyeitwa Wang Bao, mtu wa Shu, nchi ambayo leo ni Sichuan, aliandika hati ya kumnunua mtumwa. Ni maandishi ya mzaha, lakini mzaha huo unajua vizuri kazi za nyumbani. Wang Bao alikwenda nyumbani kwa mjane, akamtuma mtumwa wa hapo, Bianliao, mtu mwenye ndevu, aende kununua pombe. Bianliao akachukua fimbo, akapanda juu ya kaburi la bwana wake marehemu, akasema kwamba aliponunuliwa aliandikiwa kulinda nyumba, si kuwanunulia pombe wanaume wageni. Wang Bao akakasirika, akamnunua papo hapo kwa sarafu 15,000. Mtumwa akasema: haya, andika kila kitu. Kisichoandikwa sitakifanya.

Loo! Kumwambia hivyo mtu aliyesoma! Wang Bao akakaa akaandika. Afagie alfajiri, aoshe vyombo, atwange, afunge mifagio, achimbe mifereji, atengeneze ua, asuke viatu vya majani, atege ndege, avue samaki, alishe ng'ombe na farasi, aende masoko ya mbali kuuza na kununua, usiku asipokuwa na kazi afue nguo. Ale maharagwe na anywe maji. Akitamani pombe, alowanishe midomo tu, asimalize kikombe. Akizeeka na nguvu zikamwishia, asuke mikeka, na kabla ya kupumzika atwange debe moja la nafaka. Akikaidi, viboko 100. Hati ilipokwisha kusomwa Bianliao akalia mpaka kamasi zikamtoka, akasema angalijua angalikwenda zake kununua ile pombe.

Watu wamecheka kwa kisa hicho zaidi ya miaka 2,000. Mimi namwona Bianliao juu ya kaburi na fimbo yake. Alijua kwamba kuna karatasi mahali fulani (hawakuwa na karatasi, ilikuwa mianzi) yenye kusema kazi yake ni ipi, akashika hiyo. Ilikuwa haki yake pekee, nayo ikageuzwa ikampiga. Mwaka wa 9 baada ya Kristo mtawala Wang Mang alipiga marufuku kuuza watumwa. Mwaka wa 12 marufuku hiyo ikaondolewa.

Mafundi nitawapita upesi. Vikombe na bakuli za karakana za serikali huko Shu vina maandishi madogo yaliyochorwa, yenye jina la aliyepaka utomvu wa kwanza, jina la aliyepaka wa mwisho, la aliyetia rangi, la aliyesafisha, na majina ya wasimamizi, hata la karani. Msidhani ni sifa. Chombo kikionekana kibovu, mwenye kosa ajulikane.

Nimefika kwa makarani, nanyi mtanisamehe nikikawia hapa.

Mtoto wa mkulima aliweza kupanda kwa elimu, lakini mlango ulikuwa mwembamba. Mwaka 124 kabla ya Kristo Kaisari Wu alianzisha chuo kikuu chake kwa wanafunzi 50, na mwaka huo huo waziri mkuu alikuwa Gongsun Hong, mtu ambaye zamani alichunga nguruwe na kuanza masomo yake makubwa baada ya miaka 40. Habari kama hiyo ilisimuliwa sana kwa sababu ilikuwa adimu. Karani wa kawaida alikuwa mtoto wa karani. Kwa sheria za Han alianza masomo ana miaka 17, akasoma miaka mitatu, kisha akajaribiwa kusoma na kuandika alama 5,000. Kalamu yake ilikuwa ya manyoya. Aliandika juu ya vipande vyembamba vya mwanzi vilivyofungwa kwa kamba. Pembeni alikuwa na kisu kidogo. Akikosea alikwangua.

Mwezi wa Desemba mwaka 1975, mahali paitwapo Shuihudi katika jimbo la Hubei, palifukuliwa kaburi la karani mmoja wa Qin. Jina lake Xi. Alizaliwa mwaka 262 kabla ya Kristo, akaingia ukarani ana miaka kama 19, akafa na miaka kama 45. Hakuzikwa na hariri wala tikiti. Walimzungushia mwilini vipande vya mwanzi zaidi ya 1,150, vyenye sheria alizozitumia kazini.

Nimesoma baadhi ya sheria hizo zilizofasiriwa, na nakiri zinatisha kwa jinsi zinavyojua shamba. Mvua ikinyesha wakati nafaka inatoa masuke, wilaya iandike mara moja ni mashamba mangapi yamepata. Kadhalika ukame, upepo, nzige na mafuriko. Barua za karibu zipelekwe na mkimbiaji, za mbali kwa matarishi. Ng'ombe wa kulima apimwe kifua kwa kamba; akikonda, aliyemwongoza apigwe viboko 10 kwa kila inchi ya Kichina iliyopungua. Ng'ombe akinenepa, msimamizi apewe pombe na nyama kavu. Ghala likikutwa na mashimo mawili ya panya, mlinzi akemewe. Yakiwa matatu au zaidi, alipe faini ya thamani ya ngao moja. Kwa mashimo niliyo nayo mimi katika stoo ya parokia, ningekwisha lipa ngao za kikosi kizima.

Kwa mkono wa watu kama Xi kila mtu alijulikana: umri wake, watu wa nyumba yake, zamu yake ya shokoa, zamu yake ya vita. Hatukuti sheria inayopima kama mkulima mwenyewe amekonda. Lakini sitaki kumhukumu upesi, maana miongoni mwa vipande vyake kuna orodha ya miaka. Mwaka hata mwaka ameandika vita vya mfalme, mji gani ulishambuliwa, jeshi gani lilitoka. Katikati ya vita hivyo ameandika siku watoto wake walipozaliwa, na wakati wazazi wake walipofariki. Mtu aliyeandika siku zote kwa ajili ya mfalme aliiba nafasi ndogo akajiandikia yeye.

Katika makaburi ya hapo hapo Shuihudi, kaburi jingine lilitoa vibao viwili vya mti vyenye barua. Ziliandikwa mwaka 223 kabla ya Kristo na ndugu wawili, Heifu na Jing, askari wa kawaida waliochukuliwa kwenda vitani, wakimwandikia ndugu yao Zhong nyumbani. Ni miongoni mwa barua za jamaa zilizo za kale kuliko zote zilizoonekana China.

Wanaanza kwa kuuliza kama mama hajambo. Kisha Heifu asema anaomba fedha na nguo za kiangazi. Mama aulize bei ya kitambaa huko Anlu. Kama ni rahisi, amshonee amletee pamoja na fedha. Kama ni ghali, alete fedha tu, naye atanunua kitambaa huko aliko. Aeleza kwamba wanakwenda kuushambulia mji, na hawajui kama wataumia. Katika barua ya pili Jing asema amekwisha tumia fedha za mtu mwingine. Ahitaji sarafu 500 au 600 na kitambaa kizuri, na mama asipoleta yeye atakufa. Akaandika neno la kuhimiza, haraka, mara tatu mfululizo. Amsalimu mke wake aliyemwoa karibuni, amsihi awatunze wazee. Aulizia majirani.

Hizo sarafu 500, wasomaji, ni karibu kodi ya kichwa ya watu wazima wanne kwa kiwango cha Han. Nyumba yenyewe ndiyo ile ya watu watano na madebe 100, na vijana wake wawili wako vitani.

Huniijia mara kwa mara akina mama wenye simu mkononi, wakitaka niwasomee ujumbe wa mtoto aliye mjini au jeshini. Nami huwasomea pole pole, na huwa najua mapema kwamba baada ya salamu inakuja fedha. Mama husikiliza mpaka mwisho, halafu husema, "Rudia pale pa kwanza, Karani, aliponiuliza hali."

Barua za Heifu na Jing zilifika. Zilikutwa katika kaburi ambalo wataalamu wanalidhani kuwa la Zhong, ndugu yao aliyebaki nyumbani, zimewekwa pamoja na wino wake na jiwe lake la kusagia wino.